Nilivyojifunza kusoma kopo la vitamini D

Mie ni fundi cherehani, Wete. Cherehani yangu iko ukumbini chini ya dirisha la kioo, na nikitoka nje nimejisitiri toka utosini mpaka vifundoni. Watu wakisikia kwamba nilikutwa na upungufu wa vitamini D huniangua kicheko: Pemba hii, na jua hili, wewe ukose jua? Ndiyo. Karafuu zinaanikwa uani juani, mie nimekaa barazani kivulini nachambua makonyo. Na kioo cha dirisha kinapitisha mwanga na joto, lakini ile miale inayoifanya ngozi itengeneze vitamini D kinaizuia. Ongeza ngozi nyeusi, inayotaka muda mrefu zaidi juani, na umri unaosogea.

Kilichonipeleka hospitali ni mapaja. Nilikuwa nikiinuka kwenye mswala nashika ukuta, na muundi wa mguu ukiuma nikiubonyeza. Nikadhani ni kule kukanyaga cherehani miaka yote. Damu ikapimwa, jibu likaja: 11.

Basi anza hapo. Usinunue kopo kabla ya kuwa na namba yako, na ukishaipata tazama kilichoandikwa mbele yake. Kipimo chenyewe kwenye karatasi huandikwa 25(OH)D. Wifi yangu alipimiwa Unguja, yake ikawa 28, akanipigia simu kunipa pole kwa 11 yangu. Nilipoiona karatasi yake, ilikuwa imeandikwa nmol/L na yangu ng/mL. Ukitaka kuzilinganisha, ile ya nmol/L igawe kwa 2.5. Yake 28 ni 11 ileile, tumekaa kapu moja. Madaktari wengi huhesabu chini ya 20 ng/mL, yaani 50 nmol/L, kuwa ni upungufu, na chini ya 12 (yaani 30 kwa kipimo kile kingine) kuwa ni upungufu mkubwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dukani. Niliomba vitamini D, nikapewa kopo la vidonge vya kalsiamu, vimeandikwa "+ D3" kwa herufi kubwa. Nikavimeza miezi miwili. Siku moja mwanangu wa skuli akasoma yale maandishi madogo ya ubavuni: kila kidonge kina IU 200 tu za vitamini D (IU ni kipimo cha kimataifa cha vitamini, na namba zangu zote za dozi ni za IU nisipotaja kipimo chengine). Muuzaji hakusema uongo, D ilikuwamo kweli, ila ni kama kuomba wali ukapewa maji ya mchele. Mara ya pili mdogo wangu akaniletea kutoka Maskati kopo zuri la vitamini mchanganyiko, na humo D ilikuwa 400. Kwa mtu mzima asiye na upungufu, mahitaji ya siku ni kama 600, na akivuka miaka 70 ni 800. Sasa mimi mwenye 11 nilikuwa najaza pipa kwa kijiko cha chai.

Kwa hiyo geuza kopo, usisome mbele, soma ubavuni. Utakuta kiasi kimeandikwa kwa IU au kwa mcg, yaani maikrogramu, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Maikrogramu 1 ni sawa na IU 40. Kopo la 25 mcg ni 1000 IU. La 50 mcg ni 2000. Nimemwona mama akirudisha kopo la 25 kwa kuwa jirani yake anatumia la 1000, naye anataka lenye nguvu kama hilo. Ni kitu kimoja. Angalia pia kiasi hicho ni cha kidonge kimoja au cha viwili, maana makopo mengine huandika 2000 halafu chini kabisa yakakuambia dozi ni kapsuli mbili.

Kisha tafuta D3, kwa jina refu kolekalsiferoli. Ipo pia D2, ergokalsiferoli, nayo ni vitamini D ya kweli, lakini D3 hupandisha kiwango cha damu vizuri zaidi na hukaa muda mrefu. Ukikuta alfakalsidoli au kalsitrioli, hiyo iache palepale. Ni dawa iliyokwisha kuamshwa, yaani iko tayari kufanya kazi mwilini, mara nyingi hupewa wagonjwa wa figo, hupandisha kalsiamu haraka na si ya kujichukulia mwenyewe.

Mimi daktari aliniandikia kapsuli za 50,000 IU, moja kwa wiki kwa wiki nane, halafu 2000 kila siku. Sikiliza vizuri: kwa wiki. Nilipofika nazo nyumbani mwanangu akasoma "moja" tu, akaniwekea moja kila asubuhi pembeni ya kikombe cha chai. Siku ya nne nilikwenda Chake kununua vitambaa, nikapita kwa kijana mmoja wa famasi kumwuliza jambo jengine, nikamtajia ninavyomeza. Akaacha alichokuwa anafanya. "Mama, umeshameza ngapi?" Tatu. Akampigia daktari wangu hapohapo, nikaambiwa nisiguse tena mpaka wiki tatu zipite. Sikudhurika, lakini ningemaliza kopo zima namna ile ingekuwa habari nyengine. Vitamini D hukaa kwenye mafuta ya mwili, haitoki na mkojo kama vitamini C. Ikizidi sana kalsiamu hupanda kwenye damu: kiu kisichokatika, mkojo mwingi, kichefuchefu, kufunga choo, hata mawe kwenye figo. Bila daktari, mtu mzima asivuke 4000 kwa siku. Toka siku ile mpaka zikamalizika, kapsuli yangu ilikuwa ya Ijumaa, na niliandika IJUMAA kwa kalamu ya wino juu ya kifuniko.

Kwa nini Ijumaa? Kwa sababu ya chakula. Vitamini hii inataka mafuta ili ifyonzwe vyema, na Ijumaa mchana kwangu hapakosi pilau au samaki wa nazi. Ukiimeza asubuhi kwa chai ya rangi na mkate mkavu, sehemu yake inapotea bure. Samaki wenyewe, vibua na jodari, wana vitamini D, tena usiache kula, ila kwa aliyefika 11 peke yao hawatoshi.

Sasa la jelatini, maana najua ndilo litakaloulizwa. Kapsuli laini nyingi huvikwa ganda la jelatini, na jelatini hutoka kwa ng'ombe, samaki au nguruwe. Kopo likisema "gelatin" tu bila kutaja mnyama, mie silinunui. Tafuta alama ya halali, au iliyotajwa ng'ombe wa halali au samaki, au kimbilia vidonge vikavu na matone. D3 yenyewe kwa kawaida hutolewa kwenye mafuta ya sufi ya kondoo.

Matone ni mazuri kwa watoto, lakini usikisie. Mtoto mchanga hupewa 400 kwa siku, na chupa nyengine tone moja tu lina 400 wakati nyengine lina 1000. Soma, kisha umwulize mhudumu wa kliniki. Mafuta ya ini la samaki nayo wazee wetu waliyapenda, ila yana vitamini A nyingi, na A ikizidi humdhuru mtoto tumboni. Mjamzito ayaache mpaka aulize.

Kuna watu wasinunue kabisa kabla ya kusema na daktari: wenye mawe ya figo au figo dhaifu, wanaomeza vidonge vya presha vile vya kukojoza (baadhi hubakisha kalsiamu mwilini), na wanaotumia dawa za kifafa au rifampisini ya kifua kikuu. Baadhi ya dawa hizo za mwisho huimaliza vitamini D haraka, kwa hiyo dozi ya jirani haitakuwa dozi yao.

Kopo lililosafiri kwenye sanduku la mgeni lifungue mbele yake. La Maskati kapsuli zake zilikuwa zimegandana kama halua, ishara ya joto. La dukani angalia tarehe, angalia muhuri haujafunguliwa, na usinunue lililopangwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana. Ukiwa na shaka kama bidhaa imesajiliwa, waulize Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Bei usiitazame ya kopo, igawe kwa idadi ya vidonge. Kopo kubwa la bei nafuu mara nyingi ni la 400, na kufika 2000 utameza vitano.

Miezi mitatu ikitimia pima tena, kabla ya hapo kiwango hakijatulia. Yangu ilirudi 31, kwa ng/mL, na kwenye mswala sishiki tena ukuta. Wifi bado anasema yeye na 28 yake hana haja ya daktari, kopo alilonalo linamtosha. Nimelisoma ubavuni: 10 mcg.