Fizikia ya mwaka wa kwanza: chora kwanza, kanuni baadaye

Kila muhula wa kwanza hunijia wanafunzi wenye daftari safi na macho mekundu. Wamepiga msuli hadi alfajiri. Kanuni zote za mwendo wanazo kichwani, na desa la mwaka jana, yaani notisi za kurithishana, wamelimaliza. Ukiwapa swali ambalo hawajawahi kuliona, wanauliza jambo moja: "Dada, hapa natumia kanuni gani?"

Nafundisha semina za fizikia za mwaka wa kwanza Dar es Salaam, na Jumamosi hukaa na kikundi barazani kwangu Changanyikeni, ubao umeegemezwa ukutani. Jibu langu kwa swali hilo ni kwamba kanuni bado hatujaifikia. Kwanza tuone kinachotokea, kisha tuchore. Anayeshika utaratibu huo kuanzia wiki ya pili ya muhula, sina wasiwasi naye hata kama hesabu zake ni za kawaida.

Anza na basi

Umesimama ndani ya Mwendokasi, unatoka Kimara. Dereva anakanyaga breki, nawe unapepesuka mbele. Ni kani gani iliyokusukuma mbele? Andika jibu lako kwenye karatasi kabla ya kusoma mstari unaofuata.

Wengi huandika "kani ya basi" au "kani ya mwendo." Hakuna kani iliyokusukuma mbele. Hakuna kilichokugusa mgongoni. Wewe na basi mlikuwa mnakwenda pamoja. Basi limepunguza kasi, mwili wako unaendelea na kasi uliyokuwa nayo. Kani inayotafutwa hapa ni ya kukuzuia, yaani ielekee nyuma, na inaweza kutoka sehemu mbili tu: msuguano wa sakafu kwenye nyayo zako, au bomba ulilolishika.

Sasa tuweke namba. Basi lilikuwa linakwenda kilomita 54 kwa saa. Gawa kwa 3.6, unapata mita 15 kwa sekunde. Limesimama baada ya sekunde 5, kwa hiyo kasi imepungua mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde. Huo ndio mchapuko: 3 m/s², mwelekeo wake nyuma. Masi yako tuseme ni kilo 60.

Chora kisanduku. Kisanduku hicho ni wewe peke yako. Basi usilichore, abiria wa jirani usimchore. Kisha weka mishale. Uzito: dunia inakuvuta chini, newton 600 (600 N) ukichukua g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka, kuwa 10. Sakafu inakusukuma juu, 600 N. Msuguano unakusukuma nyuma, tuseme hujashika bomba. Imekwisha.

Kwa kila mshale jiulize: nani anasukuma, au nani anavuta? Mshale ukikosa mwenyewe, ufute. Kwa kanuni hiyo ndogo, ile "kani ya mwendo" inajifuta yenyewe, kwa sababu haina anayesukuma wala anayevuta.

Hapo ndipo sheria ya pili ya Newton inapoingia. Kani ya jumla ni masi mara mchapuko: 60 mara 3, unapata 180 N kuelekea nyuma. Msuguano ndiyo kani pekee ya ulalo, kwa hiyo ndio unaobeba 180 N zote. Gawanya kwa zile 600 N za sakafu upate 0.3. Maana yake soli ya kiatu chako na sakafu zinatakiwa ziwe na kizigeu cha msuguano (msuguano mkubwa kabisa ukigawanywa kwa kani ya sakafu) kisichopungua 0.3 ili usimame bila kushika chochote. Mvua imenyesha, sakafu ina tope, kizigeu kimeshuka hadi 0.2? Miguu inaweza kutoa 120 N tu. Zile 60 zilizobaki lazima zitoke kwenye mkono ulioshika bomba.

Usiondoke hapo haraka. Swali moja lililochimbwa namna hii lina faida kuliko maswali kumi ya kunakili. Ongeza kiroba cha mchele kilichowekwa sakafuni, kizigeu 0.2. Msuguano unaweza kukipunguzia kasi kwa 2 m/s² tu, wakati basi linapunguza kwa 3. Kitateleza. Katika sekunde 5 basi linakwenda mita 37.5, kiroba kinakwenda mita 50. Tofauti ni mita 12.5 ndani ya basi, kama hakuna miguu ya watu njiani, na bado kina mita 5 kwa sekunde. Kisha rudia hesabu kwa kiroba cha kilo 5 na cha kilo 50. Jibu halibadiliki, masi inajikata pande zote mbili. Mwanafunzi akiligundua hilo kwa kalamu yake mwenyewe, hulisahau kwa shida sana.

Kosa la "kani ya mwendo" si la wanafunzi wetu peke yao. Mwaka 1985 huko Marekani, Ibrahim Halloun na David Hestenes wa Arizona State University walichapisha jaribio la maswali ya kuchagua kuhusu kani, lisilohitaji hesabu hata kidogo. Eric Mazur wa Harvard aliwapa wanafunzi wake, na mmoja akamuuliza: nijibu ulivyotufundisha, au ninavyofikiri mwenyewe? Mazur akaanza kuwafanya wanafunzi wabishane wao kwa wao darasani kabla yeye hajatoa jibu. Nami hufanya hivyo barazani. Kila mmoja aandike jibu lake kimya, kisha ageukie mwenzake aliyejibu tofauti amshawishi. Bishaneni kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma mkitaka. Kiingereza cha mtihani mtakiandika mkishakubaliana.

Jibu likitoka, lipime

Embe limeanguka kutoka mita 5. Ukiacha hewa pembeni, linatumia sekunde 1 na kufika chini na mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa. Kikokotozi kikikuletea 1,000, tafuta ulikosea wapi kabla ya kwenda swali la pili. Andika vizio katika kila mstari, si mwisho tu. Ukitafuta umbali ukapata kilo, umejikamata mwenyewe kabla msahihishaji hajakukamata.

Wewe uliyetoka PCB

Ulisoma fizikia, kemia na biolojia, na hesabu zako ni BAM (Basic Applied Mathematics); jirani yako wa PCM, mwenye hesabu badala ya biolojia, alisoma Advance (Advanced Mathematics). Usikae ukidhani yeye ana akili kuliko wewe. Ana miaka miwili ya mazoezi ambayo wewe huna. Unachohitaji kwa mekanika ya mwanzo hakizidi mambo machache: kugawa vekta kwa sine na cosine, kusoma mwinamo wa grafu na eneo chini yake, na kalkulasi nyepesi. Chukua wiki tatu za mwanzo, nusu saa kila siku, mambo hayo tu. Grafu ya kasi dhidi ya muda uichore kwa mkono mpaka uone kwamba mwinamo ni mchapuko na eneo ni umbali. Lile basi letu ni pembetatu: nusu ya 5 mara 15, unapata 37.5. Umepata umbali bila kukumbuka kanuni yoyote.

Past pepa ni nzuri, ila zina wakati wake. Zianze baada ya kufanya maswali ya semina kwa nguvu zako. Ukianza na past pepa na majibu yake pembeni, utakuwa unasoma mwandiko wa mtu mwingine.

Kuhusu kuuliza, sikiliza habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado wa moto, na ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam kuja kuzungumza nao, huku wenzake wakimcheka. Osborne akaenda kulijaribu maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia bado wanabishana kuhusu jambo hilo hadi leo. Kwa hiyo usiniambie swali lako ni dogo mno kumpelekea mhadhiri. Nenda nalo likiwa na mchoro, na uonyeshe mstari ulipokwama. Mwalimu akiona mchoro anajua pa kuanzia.

Test ya kwanza ikienda vibaya

Omba karatasi yako uiangalie, usiishie kwenye alama iliyobandikwa ubaoni. Kila pale ulipopoteza alama, weka herufi: S kama hukuelewa swali, M kama mchoro ulikosewa au haukuwepo, H kama ni hesabu. Herufi M zikijaa, usiongeze masaa ya kukariri. Rudi kwenye visanduku na mishale. H zikijaa, punguza haraka na uandike hatua zote. S zikijaa, soma swali na ulirudie kwa maneno yako kabla ya kushika kalamu.

Kisha piga hesabu ya alama mapema. Kwa mgawanyo wa 40 za muhula na 60 za mtihani, mwenye 16 anahitaji 24 kati ya 60 kufikisha 40. Angalia kiwango cha kufaulu cha chuo chako, na kama kuna kiwango cha chini kwa mtihani wenyewe. Sapu, yaani mtihani wa marudio, si mwisho wa masomo, na kudisko, yaani kuondolewa chuo, hakuji kwa test moja.

Ila kama kinachokuangusha si fizikia, ni bumu (pesa za mkopo) lililochelewa, ugonjwa, msiba nyumbani, au usiku usiolala kwa mawazo, mchoro hautakusaidia. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi wiki hiyohiyo. Na kama italazimu kuahirisha mtihani, barua na vielelezo vyake vifike ofisini kabla ya siku ya mtihani. Chukua nakala yenye mhuri wa kupokelewa.