S-Class iliyotumika ikague alfajiri, kabla haijawashwa

Wadau wa Mbeya na Iringa mnaoiwinda Mercedes S-Class ya W221, ile iliyotengenezwa kuanzia 2005 hadi 2013: mwambieni muuzaji gari ilale bila kuguswa, mfike kabla hajaiwasha. Nyingi zinakaa juu ya mifuko ya hewa badala ya springi za chuma, na mfuko uliochoka huvuja taratibu usiku kucha. Mchana, gari ikishatembea, huoni kitu.

Iegeshwe sehemu tambarare. Pima kwa vidole nafasi kati ya tairi na bodi, kulia na kushoto. Kona moja ikiwa imelala, au pua yote imeinama, tayari una jibu. Kisha iwashwe na wewe usikilize: kompresa, pampu inayojaza mifuko hewa, inanguruma kidogo, gari inapanda, inanyamaza. Ikiendelea kunguruma tu, inafukuzana na uvujaji, na kompresa ikiungua utalazimika kununua nyingine. Kuna wanaong'oa mifuko na kufunga springi za kawaida; uliza waziwazi, maana ule ulaini unaoulipia unakuwa umeondoka.

Ukiridhika, iteremshe Mlima Nyoka, au Kitonga kama uko Iringa. Usukani ukitetemeka unapokanyaga breki, angalia diski. Wakati wa kupanda, macho kwenye geji ya joto.

Mashine ya kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari ije mwisho, na uwe na fundi wako mwenyewe. Taa za onyo kwenye dashibodi mtu anaweza kuzifuta asubuhi hiyohiyo.