Somo: Kuzuia maji na mchanga kwenye matundu ya ditekta

Mtu akitaka kununua ditekta, yaani mashine ya kutafutia metali ardhini, swali la kwanza huwa inazama mita ngapi. Sawa, ni la kuuliza. Ila maji yanayoua mashine hizi mara nyingi hayapenyi kwenye ukuta wa boksi lenye skrini na betri. Yanapitia kwenye kifuniko ambacho mwenyewe alikifunga juu ya punje ya mchanga. Punje moja au unywele ukilalia oringi (pete ya mpira inayoziba kifuniko), kifuniko hakikai sawasawa, na maji hayahitaji nafasi kubwa. Ndiyo maana hapa tutashughulika na mchanga kuliko maji.

Hatua ya 1: Jua kipi kinazama na kipi hakizami

Koili, ile sahani ya chini inayonusa metali, nyingi za leo zinazama. Boksi lenye skrini ni habari nyingine. Kwenye Garrett ACE 300 koili inaingia majini, lakini boksi halikutengenezwa kuzamishwa. Garrett AT Pro na Minelab Equinox 800 zinaruhusiwa kuzama nzima hadi mita 3.

Kwenye kitabu cha maelekezo tafuta alama ya IP yenye tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa. Ya pili ni ya maji: 7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30, 8 ni zaidi ya hapo, kwa kina na muda anaotaja mtengenezaji. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, na kwenye kifaa kipya chenye oringi safi. Na 8 haimaanishi kwamba mashine inavumilia maji ya kasi. Kuzama na kupigwa na mpira wenye presha ni majaribio mawili tofauti, kwa hiyo ile mashine ya kuoshea magari iache ilipo.

Hatua ya 2: Kazi ya mezani, kabla ya kutoka

Fungua vifuniko vyote kwenye meza safi, penye mwanga. Pangusa oringi na mfereji wake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Ipitishe oringi taratibu kati ya vidole. Kidole kitaona mkwaruzo ambao jicho limeuruka. Iliyopasuka au kubonyea upande mmoja ibadilishe.

Grisi ya silikoni inatosha kidogo sana, mpira ung'ae tu. Ukipaka nene umetengeneza mtego wa mchanga. Vaselini na grisi ya magari weka kando, kwa sababu mafuta yanayotokana na petroli huvimbisha aina kadhaa za mpira. Na kama oringi yenyewe ni ya silikoni, hata grisi ya silikoni inaweza kuivimbisha. Mtengenezaji akisema iachwe kavu, iache kavu.

Kaza kwa vidole. Oringi huziba kwa kubanwa kiasi. Ukikaza kwa koleo utaharibu nyuzi za skrubu na hutapata chochote cha ziada.

Tundu la hedifoni ndilo linalowadanganya wengi. Kizibo chake kikifungwa, mashine inazama. Ukichomeka hedifoni za kawaida, kizibo hakipo tena, umeacha mlango wazi. Chini ya maji zinatakiwa hedifoni maalumu zenye pete ya kukaza na oringi yake. Zile zisizo na waya hufaa mradi boksi liko juu ya maji, maana mawimbi yake hufa baada ya sentimita chache tu za maji.

Hatua ya 3: Ukiwa ufukweni

Usiilaze mashine mchangani, hata kwa dakika ya kuchimba. Iegemeze au tandika kitu. Usifungue kifuniko chochote. Betri zikiisha, ondoka kwenye upepo, kausha mikono, pangusa boksi kwanza ndipo ufungue.

Jambo linalosahaulika ni joto. Mashine iliyokaa juani ina hewa ya moto ndani. Ukiitumbukiza ghafla kwenye maji ya baridi, hewa hiyo husinyaa na kuvuta kwa ndani, na oringi yenye kasoro ndogo hufyonza maji. Iweke kivulini ipoe kwanza.

Kwa boksi lisilozuia maji, vaa kava la mvua lililo wazi upande wa chini ili jasho la mashine litoke. Waya wa hedifoni uache uning'inie chini ya tundu kabla ya kupanda, ili matone yaishie kwenye kitanzi yasiingie ndani.

Hatua ya 4: Kuosha

Mpangilio ni huu: osha ikiwa imefungwa, kausha, ndipo ufungue. Maji ya bahari yana chumvi ya takriban gramu 35 kwa lita. Maji yakikauka, chumvi inabaki kwenye kila kona. Suuza kwa maji ya bomba yanayotiririka polepole. Boksi lisilozuia maji lisisuuzwe. Lipanguse kwa kitambaa chenye unyevu. Tenganisha mikono ya fimbo, maana mchanga ulio humo hukwangua na kuganda. Vua kava la koili pia: mchanga mweusi ukijikusanya humo huleta milio ya uongo.

Hatua ya 5: Kusafisha matundu yenyewe

Elekeza tundu chini, gonga boksi taratibu kwa kiganja, kisha pitisha brashi laini kavu. Usipulize kwa mdomo, unaongeza unyevu. Usitumie hewa ya kopo, inasukuma punje ndani zaidi. Tundu la spika usilichokoe kwa sindano. Nyuma yake kuna utando mwembamba.

Chaji za sumaku zina balaa lake. Mchanga mweusi una magnetiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, kwa hiyo unang'ang'ania pini. Brashi inauhamisha tu kutoka pini hii kwenda ile. Bandika solotepu kisha ibandue, rudia hadi itoke safi. Maliza kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, mashine ikiwa imezimwa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, pini zangu za chaji zimeota rangi ya kijani. Niliosha vizuri tu.*

Bila shaka uliosha, lakini je, zilikuwa kavu ulipochomeka chaji? Umeme ukipita kwenye pini zenye unyevu wa chumvi, metali inaliwa haraka sana. Safisha kwa isopropili na mswaki laini. Kama dhahabu ya juu imeshatoka, zitaendelea kusumbua; panga kuzibadilisha.

*Nikijaza grisi kwenye tundu la hedifoni si itazuia maji?*

Hapana ndugu. Grisi ya silikoni haipitishi umeme, utapata sauti ya kukatikakatika, na kila punje inayopita itanasa humo. Tumia kizibo cha mpira.

*Kuna ukungu ndani ya skrini lakini mashine inafanya kazi. Niendelee?*

Zima. Toa betri kama zinatoka, fungua vifuniko, iweke kwenye chombo kinachofunga pamoja na silika jeli kwa siku kadhaa. Mchele hausaidii kitu zaidi ya kukuachia vumbi lake ndani ya matundu. Ukungu ukirudi baada ya kuzama tena, kuna oringi inayovuja.

*Mwalimu, boksi lisilozuia maji limeanguka baharini. Limekaa sekunde chache tu.*

Usiliwashe kujaribu. Toa betri sasa hivi. Kulikausha peke yake hakutoshi, chumvi itabaki kwenye saketi na kuendelea kula kila ikipata unyevu wa hewa. Linatakiwa kufunguliwa, saketi ioshwe kwa maji yaliyotoneshwa (distilled water), kisha isopropili, kisha ikauke kabisa. Kama hujawahi kufungua boksi la aina hiyo, mpelekee fundi leo hii, na mwambie wazi kuwa ni maji ya bahari.