Usukani ukitetemeka kwenye lami ya Likasi: anza na gurudumu, rotili ziache kwanza

Shoferi kijana aliingia uani kwangu Jumatatu asubuhi, lori lake la tani 10 likiwa tupu. Hata kabla ya salamu kwisha akanyoosha mfuko wa plastiki wenye rotili mbili mpya. "Yaya, volani iko inatetemeka sana. Nibadilishie hizi, nirudi barabarani." Nikampokea mfuko, nikauweka juu ya meza, nikamuuliza: inaanza kutetemeka kwenye mwendo gani? Akafikiri kidogo. "Nikikimbia tu."

Jibu hilo halitoshi, na ndilo ninalopewa kila wiki. Nimetengeneza malori hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba, kwa miaka 19. Nimeona madereva wakimaliza faida ya safari tatu kwa kununua vipuri ambavyo havikuwa na kosa lolote. Ndiyo maana naandika haya.

Kwanza tuelewane kwa majina. Kwetu usukani ni volani, jeki ni kriki, beringi ni rulema, na yaya ni mkubwa wako. Nitatumia maneno ya wote, ila rotili nitaiacha ibaki rotili: ni kile kifundo chenye kichwa cha duara mwishoni mwa fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele.

Toka na lori asubuhi, likiwa tupu, kabla barabara haijajaa. Mimi hutumia Barabara ya Taifa namba 1, ile ya kwenda Likasi, kwa sababu ina vipande virefu vilivyonyooka. Mtu mmoja aendeshe, mwingine atazame saa ya mwendo na kuandika. Mtetemo ukianza kwenye kilomita 70 kwa saa, ukazidi kwenye 80 au 85, kisha ukatulia ukipita hapo, karibu hakika uzito wa gurudumu la mbele hauko sawa pande zote. Usukani ukienda kushoto na kulia polepole tangu mwendo wa 20 au 30, kama bata anavyotembea, tafuta tairi lililovimba au rimu iliyopinda. Ukitetemeka pale tu unapokanyaga breki, drumu za breki za mbele zimepoteza uduara wake. Na kama unakuja ghafla baada ya kupiga shimo, kwa nguvu ya kukunyang'anya usukani, na hauachi mpaka karibu usimame, usiendelee na safari. Huo ni ulegevu kwenye kingipini (pini nene ambayo gurudumu la mbele hugeukia), rotili au beringi, na umewahi kupeleka malori mtaroni.

Sikiliza pia mwili wako. Mtetemo ukiusikia mikononi, tatizo liko mbele. Ukiusikia kwenye kiti na sakafu huku usukani umetulia, angalia magurudumu ya nyuma au ile shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma, tunayoiita kardani. Kardani hujifichua yenyewe: mtetemo hubadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia, ingawa mwendo ni uleule.

Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya huku ikiwa kali, lori lenye matairi ya nailoni likilala na mzigo hutetemeka kilomita chache za kwanza kisha hutulia. Tairi limelala likabonyea upande mmoja, likipata joto hurudi. Huo si ugonjwa.

Sasa swali ambalo mafundi wengi hawaulizi: gari lilipita wapi, na nani aligusa magurudumu mara ya mwisho? Mwaka wangu wa pili tangu nifungue gereji, mzee mmoja aliyekuwa akibeba makaa kutoka porini aliniletea lori lenye mtetemo wa kwenye 80. Nilibadilisha rotili zote mbili na kingipini za pande zote. Siku mbili baadaye akarudi, volani inatetemeka vilevile. Nilipolifungua gurudumu la kushoto na kulilaza chini, ndani ya rimu, upande usioonekana ukisimama nje, palikuwa na bamba la udongo mwekundu, pana kama viganja viwili, limekauka kama tofali. Nikalibandua kwa patasi. Mtetemo ukaisha siku hiyohiyo. Nilimrudishia mzee pesa ya kazi, na mpaka leo nikikumbuka vile alivyonishukuru badala ya kunilaumu naumia moyoni.

Udongo wetu wa masika unanata, na jua likitoka haubanduki wenyewe. Fanya hesabu uone. Tairi la lori lenye kipenyo cha kama mita moja huzunguka karibu mara 7 kila sekunde ukiwa kwenye 80. Nusu kilo ya udongo iliyoganda sentimita 25 kutoka katikati ya gurudumu inavuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 20, juu, mbele, chini, nyuma, mara 7 kwa sekunde. Kwenye 40 nguvu hiyo inabaki robo tu, ndiyo maana mjini husikii kitu. Kwa hiyo kazi ya kwanza haina gharama: ingia chini na patasi, brashi ya waya na maji, osha rimu zote mbili za mbele kwa ndani mpaka uone chuma. Kisha rudi barabarani ujaribu tena.

Yule kijana hakuwa na udongo. Nilipomuuliza nani aligusa magurudumu, akasema Ijumaa alipata pancha, tairi la kulia la mbele likazibwa njiani. Hapo nikachuchumaa. Kwenye ubavu wa tairi, karibu na rimu, kuna mstari mwembamba uliochongwa kiwandani ukizunguka tairi lote. Tairi likikaa vizuri, nafasi kati ya mstari huo na ukingo wa rimu ni ileile kila mahali. Kwake, upande wa valvu kidole changu kimoja kilipita kwa raha. Nikazunguka upande wa pili, hata ukucha haukuingia. Tairi lilikuwa limejazwa upepo kabla halijakaa sawasawa kwenye rimu.

Dawa yake: toa upepo wote, lifungue, paka maji ya sabuni pande zote za mdomo wa tairi, lijaze tena mpaka mstari uwe sawa. Lakini ndugu zangu, rimu zenye ringi ya kufungia, ile duara ya chuma inayolishika tairi lisitoke kwenye rimu, zinaua. Ringi isipokaa kwenye mfereji wake hurushwa na upepo kwa nguvu ya kuvunja kichwa cha mtu. Toa upepo kwanza kabla hujagusa ringi. Ukijaza, gurudumu liwe ndani ya kizimba cha chuma, bomba liwe refu, nawe usimame pembeni, kamwe usisimame mbele ya ringi wala usiipige nyundo ikiwa na upepo.

Kabla ya kurudisha gurudumu, futa uso wa habu (kitovu kinachobeba gurudumu) na uso wa rimu vinapogusana. Gamba la kutu upande mmoja linatosha kulipindisha gurudumu zima. Kaza nati kwa kuruka: moja, halafu inayoitazama ng'ambo, zote kidogo kidogo kabla ya kukaza kabisa. Malori mengi ya zamani ya Kijapani yana nati za upande wa kushoto zinazokazwa kinyume. Tafuta herufi L kwenye ncha ya bolti. Nimeona bolti zikikatwa na vijana wenye nguvu waliokuwa wanakaza wakidhani wanafungua.

Kama bado inatetemeka, inua ekseli ya mbele kwa jeki, weka vigingi imara chini yake, zuia magurudumu ya nyuma. Usilale chini ya lori lililoshikwa na jeki peke yake. Chukua tofali, liweke mbele ya gurudumu, ulaze juu yake kipande cha waya, ncha yake ikaribie rimu bila kuigusa. Zungusha gurudumu taratibu. Nafasi ikibaki sawa, rimu ni nzima. Sogeza waya kwenye tairi, juu na ubavuni, uzungushe tena. Rimu ikitulia na tairi likicheza zaidi ya milimita 3, kosa ni la tairi. Vyote viwili vikicheza, rimu imepinda au haikukaa vizuri kwenye habu. Pitisha na kiganja pia: uvimbe ambao jicho halioni, mkono unauona. Tairi lenye uvimbe litoe mbele leo, lisifike Likasi.

Jaribio jingine ninalolipenda kwa sababu halidai pesa: hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma na mazuri ya nyuma yaje mbele, kama vipimo vyake ni sawa. Usukani ukitulia na kiti kikaanza kutetemeka, umelikamata gurudumu lenyewe, lipeleke likafanyiwe balansi, yaani lisawazishwe uzito pande zote. Usukani ukiendelea vilevile, ndipo uende kwenye viungo.

Kwenye viungo, lori likiwa bado limeinuliwa, shika tairi juu na chini, vuta kwa juu ukisukuma kwa chini. Likigonga, usiseme haraka kwamba ni kingipini. Mwambie msaidizi akanyage breki na kushikilia, halafu utikise tena. Ulegevu ukipotea, ni beringi, kwa sababu breki imelifunga gurudumu na mhimili wake kuwa kitu kimoja. Ulegevu ukibaki, ni kingipini au bushi zake. Beringi mara nyingi inahitaji kukazwa na kutiwa grisi tu. Kingipini ni kazi ya siku nzima. Jaribio la dakika moja linakutenganishia gharama hizo mbili.

Rotili zipime magurudumu yakiwa chini. Msaidizi acheze na usukani kidogo kushoto na kulia, injini ikiwa imezimwa, nawe uweke vidole juu ya kila kifundo. Rotili nzima husogea pamoja na fimbo yake. Rotili iliyochoka utaisikia kidoleni: fimbo inaanza, kifundo kinafuata kwa kuchelewa. Hiyo badilisha, na ukishabadilisha pima upya mwelekeo wa magurudumu ya mbele, la sivyo matairi yataliwa ndani ya mwezi mmoja.

Kijana tulimaliza naye kabla ya saa sita mchana. Tulitoka kwenye njia ya Likasi, akafika 80, akafika 90, akaushika usukani kwa vidole viwili tu akanitazama. Rotili zake nilimrudishia zikiwa kwenye mfuko wake, dukani walikubali kuzipokea. Nilimwomba jambo moja: akishatembea kilomita 50, asimame pembeni, ashuke na spana, akaze tena nati zote za gurudumu lile la kulia. Jioni akanipigia simu kutoka Likasi. Nati mbili zilikuwa zimekubali robo mzunguko.