Umegunduliwa ugonjwa mpya na unalipwa PIP? Hesabu alama kwanza, ndipo upige simu

Somo hili ni la ndugu zetu wa England na Wales wanaopokea PIP (Personal Independence Payment), posho ya ulemavu inayolipwa na DWP, wizara ya kazi na pensheni. Walioko Scotland wana posho yao, Adult Disability Payment, na ofisi yake ni nyingine.

Daktari akishakupa jina la ugonjwa mpya, washauri hawakosekani. Huyu atakwambia piga simu leo, hela zitapanda. Yule atakwambia nyamaza, ukiwachokoza watakupokonya hata hicho kidogo. Usimfuate yeyote kati yao kabla hujapitia hatua hizi.

Hatua ya 1: Tazama kilichobadilika, si jina la ugonjwa

PIP hailipi jina. Inalipa shida unayopata katika kupika, kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutembea na mengine ya namna hiyo. Kama mgongo umekuuma miaka yote na ulishaueleza, kisha leo kipimo kimeupa jina, huenda alama zako zisisogee hata moja. Barua ya hospitali itunze, itakufaa tathmini ijayo. Lakini kama msaada unaouhitaji umeongezeka, au umepungua, unatakiwa kutoa taarifa. Hapo huna hiari.

Hatua ya 2: Hesabu alama

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Toa barua ya mwisho ya uamuzi. Ndani yake wameandika alama walizokupa kwa kila shughuli. Shughuli za maisha ya kila siku ni 10, za mwendo ni 2. Kila upande unahesabiwa peke yake: alama 8 ni kiwango cha kawaida, 12 ni kiwango cha juu.

Jaza upya kwa hali yako ya sasa. Anayehitaji mtu wa kumsimamia au kumsaidia jikoni hupata 4. Anayehitaji kifaa ili aoge hupata 2. Anayeweza kutembea zaidi ya mita 20 lakini si zaidi ya 50 hupata 8, na 10 ikiwa umbali huo anaumudu kwa fimbo au kifaa kingine.

Neno "kuweza" lina masharti manne: ufanye kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, uweze kurudia kila inapohitajika, na usitumie zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu asiye na ulemavu. Wazee wetu huumia hapa. Mzee anaulizwa, "Unavaa mwenyewe?" Anajibu, "Ndiyo, alhamdulillah." Hasemi kwamba shati linamchukua nusu saa na vifungo anafungiwa na mkewe. Adabu ya kutolalamika ni nzuri barazani. Kwa mtathmini inaandikwa kuwa huna shida.

Kwa nini uhesabu kabla? Kwa sababu ukitoa taarifa wanaweza kuipitia posho yote upya, si ugonjwa mpya tu. Inaweza kupanda, kubaki, kushuka au kukatwa. Mwenye gari la Motability, yaani la kukodi kwa posho ya mwendo, akishuka kutoka kiwango cha juu cha mwendo, gari linarudi. Sisemi ufiche. Nasema uingie ukijua unasimama wapi, na ushahidi ukiwa mkononi.

Hatua ya 3: Angalia muda

Kwa kawaida nyongeza inataka shida iwe imekuwepo miezi 3 na itarajiwe kuendelea miezi 9 mingine. Hilo lisikufanye ulaze taarifa, maana ukichelewa unaweza kupoteza malipo ya nyuma. Mgonjwa ambaye daktari anaona huenda asiishi zaidi ya miezi 12 yuko kwenye kanuni maalumu: miezi 3 haingojwi, na daktari au muuguzi hujaza fomu ya SR1. Piga simu siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Piga simu

Namba ni 0800 121 4433, haina malipo. Uwe na namba yako ya National Insurance (bima ya taifa). Omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Tafadhali usimkalishe mwanao akutafsirie habari za choo na kuoga: wewe utaficha, yeye ataona haya. Andika tarehe na jina la uliyeongea naye.

Wakikutumia fomu, angalia tarehe ya mwisho ya kuirudisha. Ukiona hutamaliza, omba muda kabla haijapita. Ambatanisha nakala za barua za kliniki na orodha ya dawa, ukibaki na asili. Shajara ya wiki mbili inayoonyesha siku nzuri na mbaya husaidia sana.

Usidhani daktari wako atawaarifu. Na kama unapokea Universal Credit, posho ya wenye kipato kidogo, huko nako utoe taarifa kivyake, kwenye akaunti yako ya mtandaoni.

Hatua ya 5: Uamuzi ukija

Usiporidhika, una mwezi mmoja kuomba uamuzi uangaliwe upya, kisha unaweza kwenda kwenye baraza la rufaa. Citizens Advice, shirika la ushauri kwa wananchi, husaidia bila malipo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Nalipwa kiwango cha kawaida kwa sababu ya baridi yabisi. Sasa nina kisukari, natumia vidonge tu. Nipige simu?*

Marahaba. Kama vidonge unameza mwenyewe bila kukumbushwa na hakuna kingine kilichobadilika, kisukari hicho peke yake hakikupi alama. Macho yakianza kufifia au miguu ikifa ganzi, hiyo ni habari nyingine. Rudi hatua ya 2.

*Nimeambiwa nina kifafa. Kinanishika mara mbili kwa mwezi, na nasikia shida lazima iwepo katika zaidi ya nusu ya siku zote. Basi sina haki?*

Unayo. Mwaka 2017 baraza la juu la rufaa lilieleza kwamba katika usalama haitazamwi tu mara ngapi hatari inatokea, bali pia ukubwa wa madhara. Ukianguka ukiwa na sufuria ya mafuta ya moto, mara moja inatosha. Kama huwezi kupika au kuoga bila mtu karibu, andika kwamba ndivyo ilivyo kila siku. Na acha kuendesha gari, uwaarifu DVLA, ofisi ya leseni za udereva. Ukinyamaza unaweza kutozwa faini hadi pauni 1,000.

*Mama amepita umri wa pensheni, analipwa PIP, amepata kiharusi. Ataongezewa?*

Pole sana, ndugu yangu. Upande wa maisha ya kila siku unaweza kupanda. Upande wa mwendo, kwa umri huo, haupandishwi kutoka kawaida kwenda juu, wala hauanzishwi kama hakuwa nao. Akilazwa, hesabu siku pia: PIP husimama baada ya siku 28 hospitalini, nao wanatakiwa kuarifiwa akiingia na akitoka.

*Nataka kwenda Mombasa kutibiwa huko. Posho itakatwa?*

Safari ya zaidi ya wiki 4 lazima uwaarifu kabla ya kuondoka. Kwa kawaida PIP huendelea hadi wiki 13 ukiwa nje, na hadi wiki 26 kama umekwenda kwa matibabu ya hali uliyokuwa nayo kabla ya kuondoka. Chukua barua ya daktari wa hapa, na ya hospitali ya kule ukishafika.