Kabla ya kununua mashine mpya, pima ubao wa nyuma wa boti
Ndugu zangu wa Moshi mnaovua bwawa la Nyumba ya Mungu, kabla hamjatoa hela ya mashine, yaani injini ya kufunga nyuma ya boti, chukueni futi kamba mpime ubao wa nyuma wa boti, toka ukingo inapofungwa mashine hadi chini kabisa. Ukipata kama sentimita 38, unahitaji mashine ya mguu mfupi, mguu ni ile sehemu inayoshuka majini na kubeba propela. Ikikaribia 51, mguu mrefu. Mguu mfupi kuliko boti, propela inavuta hewa, mashine inapiga kelele na boti haiendi. Ukizidi urefu, unaburuza chuma majini na kuchoma petroli bure, na bwawa likipungua unagonga matope.

Uzito wa mashine ndio unaonisumbua zaidi. Boti nyingi za zamani zilijengwa enzi za mashine za kuchanganya oili na petroli, na za HP 15 nyingi hazifiki kilo 40. Za kisasa zenye oili yake pembeni, nguvu ileile, hupita kilo 40. Zinakula mafuta kidogo, nazipenda kwa kweli, ila kwanza dunga ule ubao kwa bisibisi uone kama umeoza. Ikizama kirahisi, mwite seremala, mashine isubiri.