Huduma jumuishi kituoni: kuanzia getini hadi dirisha la dawa

Kamati za vituo vya afya zikisikia "huduma jumuishi", yaani huduma inayomfikia pia mtu mwenye ulemavu, hukimbilia saruji. Rampu inahitajika, ndiyo, ila wagonjwa wengi hupotelea mahali pasipotaka hata mfuko mmoja: kwenye kuitwa jina, kwenye bahasha ya dawa, kwenye rejesta. Maelezo haya yamelenga kituo cha afya cha kata nchini Tanzania.

Kwanza ipiteni njia ya mgonjwa siku ya kliniki, watu wakiwa wamejaa. Awepo mganga mfawidhi, muuguzi, mjumbe wa kamati, na watu wawili wenye ulemavu tofauti, mathalani mtumiaji wa kiti mwendo na kiziwi aliyekuja na mkalimani. Bebeni futi kamba na daftari, mwandike kila mahali mtu anapokwama. Watumishi wakipita peke yao hawaoni kitu. Macho yamekwisha kuzoea.

Rampu ina hesabu yake: kila sentimita 1 ya kimo hudai sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, kwa hiyo rampu ni mita 5.4. Fundi atataka kuimaliza kwa mita 2, na hapo ndipo kiti kinapinduka kinyumenyume. Eneo likiwa finyu, ikunjeni, na kwenye kona muache sehemu bapa ya mita 1.5 kwa 1.5. Upana uwe mita 1.2, vishikio viwe kimo cha sentimita 90, na kingo za pembeni zizuie gurudumu kuchepuka. Msikubali ipigwe niru, maana ikilowa mvua inateleza kama sabuni. Ikwaruzwe kwa ufagio mgumu kabla saruji haijakauka, mistari ikikingama. Angalieni pia inapoishia: rampu nzuri inayomtua mtu kwenye mchanga au mfereji haijafanya kazi.

Choo kinahitaji mlango wa sentimita 90 unaofunguka kwa nje, nafasi ya mita 1.5 ya kugeuza kiti, kiti cha choo cha kimo cha sentimita 45 hadi 50, na vishikio vya chuma. Baada ya miezi michache choo hicho hugeuzwa stoo ya ndoo na mifagio, ufunguo anao mtu aliye likizo. Ondoeni kufuli, wekeni komeo la ndani.

Mapokezi ndiyo huvuja zaidi. Karani anayeita majina kwa sauti humpita kiziwi mara tatu, kisha faili linarudi chini. Toeni kadi zenye namba kubwa, namba ionyeshwe juu, na mwenye alama ya uziwi kwenye kadi afuatwe alipokaa. Asiyeona aambiwe nani anazungumza naye, kisha ashike kiwiko cha mhudumu. Kumvuta mkono humpotezea mwelekeo. Benchi la kusubiri liwe kivulini, hasa kwa wenye ualbino. Hao ngozi yao ikaguliwe kila wanapofika, hata wakija kwa homa, na kidonda kisichopona kwa wiki nne kipewe rufaa.

Ndani ya chumba, mganga azungumze na mgonjwa. Kumuuliza msindikizaji "anaumwa nini?" wakati mwenyewe amekaa pale ni dharau, na majibu hupotoka. Msindikizaji atoke mgonjwa akitaka. Kwa kiziwi tafuteni mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania. Mtoto wake asitumiwe kutafsiri habari za uzazi wa mpango au VVU. Asiyeweza kusimama kwenye mizani apimwe akiwa amebebwa, kisha uzito wa mbebaji utolewe. Kukisia uzito ni hatari kwa sababu dozi huufuata.

Dirisha la dawa linahitaji uvumilivu. "1x3" kwenye bahasha, yaani kimoja mara tatu kwa siku, anaielewa mtoa dawa tu. Chukueni dawa mseto ya malaria, ALu: mwenye kilo 35 na kuendelea humeza vidonge 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3, jumla 24, na dozi ya pili huja saa 8 baada ya ya kwanza. Chora jua na mwezi, chora vidonge vinne chini ya kila kimoja. Asiyeona afungiwe mpira mwembamba (rababendi) mmoja kwenye dawa ya kwanza, miwili kwenye ya pili, aiguse mbele yako. Ukiuliza "umeelewa?" kila mtu atasema ndiyo. Sema "nionyeshe utakavyomeza ukifika nyumbani", na akikosea rudia palepale.

Maendeleo yapimwe kwa namba. Mkiuliza "wewe ni mlemavu?" wengi watakana. Tumieni maswali sita ya Washington Group, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu, ya kuanzia umri wa miaka 5: shida ya kuona hata kwa miwani, kusikia hata kwa kifaa, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia, na kuwasiliana. Majibu ni manne: hakuna shida, shida kiasi, shida kubwa, hawezi kabisa. "Shida kubwa" au "hawezi kabisa" kwenye swali lolote inatosha kumhesabu. Chorea safu pembeni ya rejesta ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) ya wagonjwa wa nje, na kila robo mwaka kamati ilinganishe mambo matatu: waliofika, waliorudi kwa tarehe waliyopangiwa, na muda waliosubiri wakilinganishwa na wengine.

Mwezi ukiisha safu hiyo ikiwa sifuri, msishangilie. Ama karani hakuuliza, ama watu hao hawafiki. Waiteni wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mpitie nao kitongoji kwa kitongoji mkiorodhesha kaya zenye mtu asiyetoka ndani, mpange na tarehe ya kuzifuata.